Uzito Mguu wa Nje

Nilizinunua Kiboriloni, Jumamosi, elfu kumi na mbili,
chini ya rundo la makoti mazito mno hata kwa Julai ya Moshi.
"Mbao hizi," alisema muuzaji, "ukizipasua unapata rafu ya vikombe."
Nikamwambia ni skii. Akasema, "Haya, skii,"
akazifunga kwa kamba ya katani
kama anayemfungashia mgeni mkungu wa ndizi.

Theluji yetu iko kule juu, inapungua,
na ina lango, ina kibali, ina ada.
Sisi tuna makapi ya kahawa.
Nyuma ya kiwanda cha kukoboa rundo limepanda kulipita paa,
kavu, jepesi, linateleza kama uongo wa kwanza.
Mlinzi, Lyaruu, alitufungulia kwa sharti moja:
tukivunjika, tuvunjikie nje ya geti.

Mwalimu wangu ni Elirehema. Aliosha vyombo Austria
majira mawili ya baridi, na usiku, wageni wakilala,
akajifunza kushuka.
Hana cheti. Ana kovu kidevuni.

"Miguu yako inagombana," alisema siku ya kwanza.
Kweli. Ncha zinabusiana mbele, visigino vinakimbiana nyuma,
paa la banda la mbuzi.
Hivyo nilishuka wiki tatu, banda zima likiteremka polepole,
mapaja yakiwaka moto.

Jumapili ya nne akanipeleka stesheni,
akanisimamisha katikati ya reli.
"Hizi zimetoka Tanga. Zimepiga kona ngapi?"
Sijui.
"Na ni kona gani moja iliiegemea nyingine?"
Halafu, alipoona nimeelewa kupita kiasi:
"Usibane magoti pia, wewe si bibi harusi.
Acha nafasi ya ngumi mbili."

Tukarudi kwenye makapi.
Kunja goti. Kunja kifundo. Si kiuno, hujaenda chooni.
Muundi uguse ulimi wa kiatu.
Mikono mbele, kama umebeba sinia la chai msibani
na mashemeji wote wanakutazama.
Usiziangalie skii. Hazitaenda popote bila wewe.

Tulichomeka majani ya masale kumi, niyazunguke.
Nyumbani masale ni mpaka, na ni msamaha;
kila nililoangusha nililiomba radhi kwa sauti,
Lyaruu akacheka hadi chai ikamwagika.

Ugumu ni mmoja, na hauishi:
ukigeuka, mwili unataka kuegemea mlima.
Nimezaliwa na mlima mgongoni, nitaachaje kuuegemea?
Nikiegemea, skii ya chini inakuwa nyepesi, inapotea,
naangukia nyonga, makapi yananiingia masikioni.
"Uzito mguu wa nje!"
Wa nje ndio wa bondeni. Ndio unaoogopa.
Huo huo unaukabidhi mwili mzima,
na wa ndani unafuata kimyakimya, sambamba,
bila kutoa maoni.

Mama huniita kiguu na njia.
Hajui ninavyohangaika kupata viguu viwili
na njia moja.

Jana, jani la saba:
nilikanyaga wa nje, nikausubiri.
Nilihesabu moja. Nikataka kurudi mlimani. Sikurudi.
Zikageuka zote mbili pamoja.
Sikusikia skii. Nilisikia makapi,
sauti ya mtu anayepepeta mchele chumba cha pili
na hana haraka.
La nane nikalipita. La tisa nilidhani nimelipita,
kumbe nimelibeba kwenye goti.

Elirehema hakupiga makofi.
"Kushoto umeweza," alisema. "Bado kulia."
Lyaruu akaangalia saa yake; geti linafungwa kumi na mbili.
Nikaziweka begani, nikaanza kupanda tena,
natema makapi,
goti la kulia likinung'unika peke yake.